Kombe Lililomwagika

Da Hawa, dada yangu wa tumbo moja, alifariki Alhamisi, saa nne kasoro robo asubuhi, nilipokuwa nimetoka kidogo kumchemshia uji. Leo tumemsomea arobaini. Watu wamekula, wamekwenda, mikeka imekunjwa, na mimi nimebaki na jambo ambalo nimelisema mara moja tu maishani.

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane au tisa, tulikuwa tunakaa Zinga kwa bibi mzaa mama, na Da Hawa akaugua homa. Alikuwa amenizidi miaka minne. Zahanati walimpa vidonge, akawa anavimeza na kuvitapika. Wiki ya pili hakuweza kukaa bila kushikwa. Bibi akamwomba maalim wa chuo chetu cha Kurani amwandikie kombe. Maalim aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha akaziosha kwa maji na marashi, na maji yale ndiyo anayoyanywa mgonjwa. Mama alikuwa amempakata mgonjwa, Bibi miguu imemvimba. Nikatumwa mimi.

"Mke mwenzangu," Bibi aliniambia mlangoni, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "ukishalipokea usiseme na mtu njiani. Na lisiguse ardhi. Kombe likimwagika chini, homa humrudia mwenyewe na haitoki tena."

Maalim alinipa bakuli la bati lililofunikwa kwa kisahani. Nilitembea nikilitazama bakuli, si njia. Karibu na msikiti nikakutana na Bi Tatu, jirani yetu, mtu mzima ambaye hakuna mtoto aliyempita bila kumwamkia. Nikainamisha kichwa, nikapita.

"We mtoto," aliniita. "Shikamoo siku hizi inauzwa?"

Nikasimama, macho kwenye bakuli.

"Nakuuliza wewe. Au bibi yako ndiye aliyekufundisha kuwapita wakubwa kama magogo?"

Alipomtaja Bibi, sikuweza tena. Kwetu mtoto asiyeamkia ni aibu ya nyumba nzima. Nikageuka, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo, bibi." Kisahani kikateleza, nikataka kukidaka, bakuli likalala upande.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Bi Tatu, na alikuwa ameshaanza kwenda zake.

Mchanga ulikunywa yote. Ndani ya bakuli ilibaki rangi ya manjano tu, pembeni. Sikulia. Nilikuwa nawaza kitu kimoja, kwamba Da Hawa anakufa na mimi ndiye niliyemuua. Kurudi kwa maalim niliogopa. Kwenda nyumbani mikono mitupu niliogopa zaidi. Nikaingia ua wa msikiti, nikachota maji kwenye birika la kutawadhia, nikayazungusha bakulini mpaka yakashika rangi kidogo, nikafunika.

"Hukusema na mtu?" Bibi aliniuliza, akilipokea kwa mikono miwili.

"Sikusema."

Da Hawa alikunywa akisema Bismillahi kila funda. Siku mbili nilikuwa nakwenda kumwekea kiganja puani nione kama anapumua. Siku ya tatu aliomba muhogo wa kuchoma.

Tangu hapo alisimulia kombe lile popote alipokaa. Mumewe alipokufa na kumwachia watoto wanne, mdogo akiwa bado ananyonya, nilimkuta amekaa eda anamkunjia mtoto nguo. Akaniambia, "Aliyenitoa kwenye homa ile kwa maneno yake hawezi kunitupa leo." Alipomzika mwanawe wa pili akasema vilevile. Akalima mananasi, akasomesha waliobaki, akasema vilevile. Nami kila mara nikaitikia, "Kweli, dada." Nikisema, namwondolea nini? Nisiposema, namwacha amshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikuwa.

Mwaka huu akaugua tumbo. Dar walimpasua, wakatwambia turudi naye nyumbani. Nilikwenda mwenyewe kwa mtoto wa yule maalim, akaandika kombe, nikalibeba kwenye chupa yenye kifuniko. Sikusema na mtu, halikumwagika hata tone. Da Hawa alilinywa siku saba. Hali ikawa ileile, kisha ikazidi.

Jumanne alipata nafuu ya kuzungumza, nami nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote.

"Ulichota wapi?" aliuliza.

"Msikitini. Kwenye birika."

"Pale watu wanapooshea miguu?"

"Palepale."

Akacheka, akajishika tumbo kwa maumivu. "Na mimi nikasifia marashi," alisema. Kisha akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nilikunywa nikimwomba Yeye. Sikumwomba maalim."

Akageukia ukutani. Sikuuona uso wake. Sijui kama alikuwa ametulia au kama nilikuwa nimemvunjia kitu alichokiegemea maisha yake yote. Hatukulizungumza tena, na Alhamisi ikafika.

Nimejaribu kulipanga jambo hili, halipangiki. Kwa maji ya birika alipona. Kwa kombe lililoandikwa na kubebwa sawasawa amekufa. Huenda vidonge vya zahanati vilikuwa vimekaa tumboni angalau mara moja. Huenda ile rangi iliyobaki ilitosha. Naswali, na nikiinuka kwenye sijda swali langu lipo vilevile. Ninachokiona kidogo ni hiki: siku ile niliogopa mchanga, nikamwogopa Bibi, nikamwogopa maalim, na Mungu sikumkumbuka. Aliyemkumbuka ni mgonjwa. Tegemeo lake halikuwa kwenye bakuli. Langu ndilo lililokuwa humo, na mpaka leo kulitoa ni kazi.

Ewe Mola, msamehe Hawa, mpanulie kaburi lake na ulitie nuru. Alikutegemea akiwa mtoto, akakutegemea akiwa mjane. Kama nilimtia shaka siku zake za mwisho, usiihesabu kwake, ihesabu kwangu. Wewe ndiye unayejua alichosema alipougeukia ukuta. Kipokee. Amina.