Tulivyotembea na Shaka Hadi Magomeni

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo hainitoki kichwani. Kila nikipita karibu na msikiti ule wa Kariakoo naiona upya: mdogo wangu Hamadi anatoka peku kwenye jua la saa saba, mikono inachuruzika maji, na mimi nimebaki nyuma yake nimeshika koki niliyoifunga kwa hasira. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Leo nimepita sabini, na ile koki bado naisikia kiganjani.

Lakini ngoja nianze mbali kidogo, maana siku hiyo ukiisikia peke yake utadhani nilikuwa mtu mbaya tu, kumbe nilianza nikiwa mtu mwenye fahari.

Tuliishi Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, na uani bomba moja la wote. Wapangaji wenzetu wengi walitoka kusini. Chumba cha mbele alikaa Mama Anjelina, mama wa Kimakua kutoka Masasi aliyekaanga vitumbua, na asubuhi nyumba nzima ilinukia iliki kabla hatujafumbua macho. Ulimi wake hakuna aliyetaka kushindana nao. Nyumba hiyo haipo tena. Pamejengwa ghorofa lenye vigae vyekundu, na nikipita huwa nasimama nikitafuta bomba lilikuwa upande gani.

Mimi na Hamadi tulifanya kazi katika duka moja la vitambaa Mtaa wa Kongo. Mimi niliita wateja na kuteremsha majora, yeye alipima na kukata. Alikuwa na tabia moja: akishapima anapima tena, kisha mara ya tatu, ndipo anashika mkasi. Wakati huo wenye maduka wengi walilalamikiwa kwa kupunja, kwa hiyo wateja walimpenda sana. Mimi ndiye niliyembandika jina la Pimatena. Wanawake walikuja hata kutoka Temeke wakiulizia duka la Pimatena, na tajiri wetu akawa anatembea amenyoosha mabega.

Jioni tukifunga duka Hamadi alivuta kufuli, tunaondoka, tukifika kwenye kona anarudi kulivuta tena. Nikamwambia tajiri kwamba mdogo wangu akifunga, yeye alale usingizi wake wote. Nyumbani nako alianza kukawia kwenye udhu. Anaosha mkono, anasita, anarudia tangu mwanzo. Wazee wa mtaani wakasema kijana yule ana hofu ya Mungu. Niliyasikia maneno hayo nikayabeba kama yangu. Vijana wenzangu wakikaa barazani kupiga soga, niliwapigia mfano wa Hamadi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anajisikiaje akiwa ameshika maji.

Udhu wa dakika tano ukawa wa nusu saa, halafu saa nzima. Uani wanawake walipanga ndoo wakimsubiri. Siku moja Mama Anjelina akamwambia, "Hamadi, ukimaliza dhambi zako nioshee na zangu, ila maji ya kupikia nibakizie." Tukacheka sote, hata Hamadi mwenyewe. Jioni yake mama yule akanivuta pembeni, hana mzaha tena usoni. "We Saidi, umeiangalia mikono ya mdogo wako?"

Sikuwa nimeiangalia. Tulilala chumba kimoja, tukila sahani moja, na sikuwa nimeiangalia. Ilikuwa imechanika kama ya mtu aliyefua kwa magadi wiki nzima, na kati ya vidole ilitoa damu. Nilimpa mafuta ya kupaka, nikaona nimemaliza kazi.

Dukani nako mambo yaligeuka. Kupima mara tatu kukawa mara saba, mara kumi. Wateja wakaanza kuondoka na kanga zao hazijakatwa. Tajiri akanieleza kwa upole kwamba anamhurumia lakini duka haliendi. Watu wale wale waliomsifu ndio waliomchoka, na wa kwanza kumchoka nilikuwa mimi, kwa sababu sifa zake nilizifanya zangu, na sasa aibu yake nayo ilikuwa yangu.

Ndipo ikaja Ijumaa hiyo. Msikitini kulikuwa na koki sita na watu wengi. Hamadi alikuwa amekaa kwenye kijiwe cha saruji mbele ya koki moja, nyuma yake mstari wa wanaume wakisubiri. Adhana ya pili ilisomwa, yeye bado. Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akauliza kama yule bwana anaoga au anatawadha. Nilipita katikati yao, nikafunga koki kwa nguvu, na nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mungu hatakupokea hata ukioga bahari nzima."

Mwanangu, nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne. Nilijua maneno mengi, na katika yote nilichagua hayo. Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo ndilo jambo hasa lililokuwa likimtafuna, kwamba labda hajatakasika, labda hapokelewi. Nililitamka mbele ya watu, na mimi ni kaka yake.

Aliinuka akatoka, akaacha ndala zake. Nilizibeba mimi kurudi nyumbani.

Tangu siku hiyo hakwenda dukani wala hakusali. Alikaa chumbani ameelekea ukutani. Nilipomwambia aamke tusali, alisema taratibu, bila hasira, "Kama sipokelewi, kaka, kwa nini nijisumbue?" Akaanza kukataa chakula. Mama Anjelina alimwekea uji mlangoni kila asubuhi, haulizi kitu, na jioni anachukua bakuli, mara nyingi limejaa kama alivyoliacha. Ndipo nilipoingiwa na hofu ya kumpoteza.

Aliyenikemea ni Maalim wetu, mzee aliyetufundisha Kurani sote wawili tukiwa wadogo. Alisikia, akaja kwa miguu. Nilidhani amekuja kumnasihi Hamadi. Aliingia akamjulia hali, akamsomea dua, kisha akatoka akakaa na mimi barazani.

"Saidi," akasema, "mtu akitetemeka kwa homa, utamsifu kwamba anajua kucheza ngoma?"

Nikatikisa kichwa.

"Sheria ya udhu inasema mara tatu. Ndugu yako anaijua kuliko wewe. Angekuwa anaitii dini angeacha kwenye tatu. Kinachomrudisha si dini, ni maradhi. Wewe ulimsifia maradhi, kisha ukamtukania maradhi. Sasa mpeleke hospitali."

Nilibishana naye, sitaficha. Niliogopa watu wangesema ukoo wetu una wazimu, na dada zetu wawili walikuwa hawajaolewa. Nilitaka kwanza tujaribu waganga. Maalim akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atakuja Jumatatu saa moja asubuhi, na kama mimi sipo tayari ataondoka na Hamadi peke yao. Nilikwenda kwa kuona haya.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwanamke, mtu mzima, hana haraka. Alizungumza na Hamadi muda mrefu. Kisha akanigeukia akaniuliza ninapofunga duka ninajuaje kama nimefunga. Nikamjibu kwamba nimeona kwa macho.

"Yeye naye ameona. Tena mara kumi. Sasa wewe kinachokufanya uondoke ni nini?"

Nikamwambia ukweli. Naondoka tu.

Akanieleza kwamba ubongo una njia zake za kututahadharisha na hatari, kama moto, uchafu au mlango ulioachwa wazi. Ukishashughulikia jambo, njia hizo hutulia na unapata hisia kwamba imetosha, bila hata kuiomba. Kwa mtu mwenye maradhi kama ya Hamadi, aliyoyaita maradhi ya shaka na kurudiarudia, sehemu hizo za ubongo zinaendelea kuitana bila kutulia. Macho yameona kufuli limefungwa na akili inajua, lakini ile hisia ya kutosha haifiki, au inafika na kuondoka papo hapo. Ndiyo maana anarudia. Na kila akirudia anapata nafuu kidogo, na nafuu hiyo inaufundisha ubongo kudai zaidi. "Si kwamba wewe unaipata hisia hiyo kwa sababu una imani au una akili kumzidi," akaniambia. "Umejaliwa tu, kwako inafanya kazi."

Nilitazama sakafu. Mdogo wangu alikuwa akilia, na alisema baadaye kwamba alilia kwa sababu kitu chake kilikuwa na jina.

Alipewa dawa, tukaonywa kwamba zitachukua wiki kadhaa ndipo zionyeshe kazi. Akapewa na mazoezi, na hapo ndipo na mimi nilipopewa kazi. Hamadi alitakiwa avute kufuli mara moja tu, kisha aondoke na shaka lake likiwa bado moto. Akiniuliza kama limefungwa, nisimjibu kwamba limefungwa, na nisimgombeze. Nitembee naye tu.

Tajiri alikubali awe anakuja jioni kufunga duka, na jioni ya kwanza sitaisahau. Alivuta kufuli mara moja, tukaanza kutembea. Wakati ule Kariakoo jioni ilinukia karafuu na samaki wa kukaanga, wachukuzi wakirudisha mikokoteni mitupu, redio zinashindana kila kibanda. Hamadi hakuona lolote. Tulipofika Fire, pale kwenye kituo cha zimamoto, akasimama, jasho linamtoka. "Kaka, nimefunga?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nililiona kufuli kwa macho yangu. Nikasema, "Sijui, Hamadi. Twende nalo hilo shaka."

Akanitazama kama nimemsaliti. Lakini akatembea. Tukivuka bonde la Jangwani alisimama mara tatu na mara tatu akaendelea. Tulipoingia korido ya nyumbani, Mama Anjelina akauliza, "Mmerudi wawili, mmekula?"

"Watatu, mama," Hamadi akasema. "Tumekuja na shaka."

Mama yule akachungulia nje kumtafuta mgeni. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kusikia mdogo wangu akicheka.

Tulitembea hivyo kila jioni, mwezi kwa mwezi. Siku nyingine alirudi mbio hadi dukani, nami nikamfuata, kesho yake tukaanza upya. Msikitini alirejea kwa msaada wa Maalim. Mzee yule alikuwa akimmiminia maji kwa birika, mara tatu, kisha analiweka birika chini na kumpa mkono wake ainuke.

Hakupona kama anavyopona mtu wa malaria. Alioa, akapata watoto, akawa na duka lake dogo Mchikichini, na ugonjwa ulimrudia mara mbili tatu katika maisha yake. Kila uliporudi alikwenda hospitali mwenyewe. Nilimwomba radhi tukiwa tumeshakuwa watu wazima. Akasema alinisamehe siku ile ile kabla hajafika nyumbani. Halafu akaongeza, "Ila ugonjwa ukirudi, kaka, huzungumza kwa sauti yako."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayekueleza mvua imenyesha. Nami neno hilo nimelibeba.

Mwaka jana Hamadi alifariki, na mimi na mwanawe Idrisa tuliingia kumwosha. Mimi nilimmiminia marehemu maji, mwanawe akimsugua. Mikono yake, mwanangu, ilikuwa myororo, mikono ya mzee yeyote. Tukamaliza josho la tatu, lenye kafuri, na mimi nikachota tena. Nilihisi haijatosha. Machoni bado nilikiona kile kijiwe cha saruji cha msikitini, na watu wanasubiri, na mimi nimefunga koki. Nikanyanyua kata ya maji.

Idrisa akanishika mkono. "Tatu zimetimia, baba mkubwa."

"Una hakika?" nikamuuliza, na nilipojisikia nauliza nikaelewa, baada ya miaka yote hiyo, mdogo wangu alikuwa anaishi wapi. Nikaliweka kata chini. Tulimvika sanda, tukatoka naye, na shaka langu nikatoka nalo.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Siku hizi nawasikia Kariakoo mkisema fulani kadata, yaani karukwa na akili, mnacheka, mnampiga picha kwa simu. Kichwa ni kiungo kama ini na figo, na kinaumwa. Ukiona mwenzako amebadilika, usiharakishe kumsifu wala kumlaani, mwangalie mikono. Muulize, kisha unyamaze usikie. Mpeleke kwa daktari mapema na umsindikize, tena umsindikize na siku ya pili na ya ishirini. Dua msomee, Maalim wetu alimsomea, na Jumatatu yake akampeleka hospitali, na havikugombana. Na kama ni wewe mwenyewe unayeteswa na kitu kichwani usichoweza kukitaja, mwambie mtu mmoja. Si aibu. Lakini zaidi ya yote chunga neno unalomwambia mtu aliyeelemewa, kwa maana wewe utalisahau jioni na yeye atakaa nalo akiwa peke yake.

Mwenyezi Mungu akupe moyo unaotulia, akujalie usingizi na watu wa kutembea nawe. Na siku atakapokuletea mtu mwenye mzigo usioonekana, akupe miguu ya kwenda naye hadi nyumbani. Amina.