Mati za mpira nilizomkatia Kondo, mtani wangu, Tabora kabla ya Uhuru

Wakuu, salaam. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Wengine marahaba, nimeshaipokea.

Hii sijasimuliwa na mtu. Niliifanya mwenyewe kwa mikono hii, na asiyeamini nyuzi ziko nyingi, apite.

Juzi nimeona uzi wa kijana anayeuza mati za gari za kupima, za mvua na jua, zisizopitisha tope. Mnamsifia. Mimi nimeusoma, nikaweka simu chini, nikatoka nje, nikarudi kuusoma tena. Tangu juzi sikai nikatulia. Bora niseme yaishe.

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi katambuga pale Kanyenye. Kwa wasiojua, katambuga ni vile viatu vya wazi vinavyokatwa kwenye tairi la gari. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mjuaji, mdomo haufungi.

Jirani yangu alikuwa Bwana Salum, mfanyabiashara wa karanga na ngozi. Alinunua gari dogo jipya, na dereva wake alikuwa Mzaramo mmoja anaitwa Kondo.

Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Mnajua maana yake. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku hadi pwani, wakapita kwa babu zao, utani ukaanzia njiani. Hakuna asubuhi Kondo alipita bila kunitupia neno. Anasimama mlangoni, ananiamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mbeba mizigo," nami namtabiria kifo. Wiki hii nimeota nimemzika, wiki ijayo namwambia jeneza lake limepungua mbao. Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Kwa kweli nilimpenda yule bwana kuliko ndugu zangu wengi.

Sasa masika yakaja. Tope la Tabora mnalijua, na kiangazi ni vumbi jekundu hadi kwenye meno. Bwana Salum akawa anagomba kila siku kwamba sakafu ya gari imeharibika. Kondo akanijia, mtani, wewe si fundi wa mpira? Nikatie kitu cha kutandika chini.

Wakuu, nilijituma. Nilipima sakafu kwa karatasi za mifuko ya saruji, nikakunja pale kwenye nundu ya katikati, nikakata nafasi za klachi, breki na mafuta. Mpira nikatumia tyubu kubwa la lori maana tairi ni gumu mno, halilali. Kisu unakichovya maji ndipo kinateleza. Pembeni nikazungushia ukingo wa tyubu la baiskeli, nikaubandika kwa solusheni, gundi ya viraka, ili tope likae humo ulimwage nje.

Nilitoa mati mbili, moja ya dereva na moja ya abiria wa mbele. Kutoboa sakafu ili zishikwe kwa misumari Bwana Salum alikataa, gari jipya. Akazitazama, akasema gari likirudi safari atanipa na kazi ya malori yake yote mawili. Siku ile nilitembea kifua mbele.

Kosa langu lilikuwa hapa. Tyubu limezaliwa mviringo. Ukilikata inabidi ulilaze chini ya mawe mazito siku tatu nne lisahau. Mimi nililaza usiku mmoja, kwa sababu Kondo alikuwa na safari ya Nzega Jumamosi na nilitaka sifa.

Jumamosi asubuhi nikafungua kibanda. Kipande kilichobaki, nilichojaribia ukingo, nilikuwa nimekiacha juani tangu jana yake. Kilikuwa kimejikunja chote, ukingo umebanduka. Nikakikanyaga, nikakiachia, kikainuka tena. Nikafanya hivyo mara tatu.

Nikafikiria joto la injini pale mbele ya miguu ya dereva, na ncha ya mati inayoinuka polepole chini ya breki. Nikakimbia.

Nikamkuta Kondo anapakia mbele ya nyumba, watu wamejaa barazani. Mke wa Bwana Salum, Bi Zuwena, na binti yake walishakaa kiti cha nyuma, wanakwenda harusini.

Nikamwambia, "Kondo, toa hizo mati. Zitakuua."

Baraza zima likacheka. Kondo akasema, "Mnyamwezi, na sanda umeshapima?"

"Nakwambia leo hufiki Nzega."

"Nisipofika, gari utalibeba wewe. Si ndiyo kazi ya ukoo wenu?"

Watu wakashika mbavu. Hapo ndipo nilipoona balaa langu. Kila neno nililokuwa nalo nilishalitumia miaka yote kwa mchezo, sikubakiwa na la kweli hata moja.

Nikamshika mkono. Akautoa, nikaushika tena. Akaacha kucheka, akanisogelea, akauliza taratibu, "Unasema kweli, au unatania?"

Wakati uleule Bwana Salum akatoka ndani.

Wakuu, nilikuwa na sekunde chache tu. Nikaona malori yananiponyoka, nikaona Kanyenye nzima inasema fundi yule ni wa hovyo. Nikacheka. Nikamwambia, "Natania, bwana."

Halafu nikafanya ujanja. Mtani ana ruhusa ya kuchukua chako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kununa. Nikainama, nikaichomoa mati ya dereva, nikaitia kwapani, nikaondoka nayo huku namwambia akanunue nyingine kwao Uzaramo. Watu walicheka sana, Bwana Salum naye akacheka. Nikajiona nina akili, nimemwokoa mtu na jina langu limebaki safi. Ile ya abiria niliiacha, kule hakuna breki, na kiti chenyewe kilikuwa kitupu.

Lakini siku ile kazi haikufanyika. Nilikata jozi nzima ya mguu wa kushoto. Nilikwenda hadi barabara ya Nzega, nikarudi, nikaenda tena, sijui nilitaka kuona nini. Chakula kilinishinda. Mtu akiniita nashtuka.

Jumapili dereva wa lori akaleta habari. Mvua iliwakuta njiani, Kondo akashuka kusukuma, akarudi na tope hadi magotini. Akaona ile mati ya abiria, upande wa kushoto, haina kazi, akaigeuza, akaitandika chini ya miguu yake. Walipofika Lusu, kwenye mteremko, ng'ombe wakakatiza na mama mmoja nyuma yao. Akakanyaga breki, haikushuka, mati imejikunja chini yake. Akalitoa gari barabarani asimuue yule mama, akagonga mti.

Bi Zuwena na binti walichubuka tu. Kondo goti lilisagika.

Jumatatu nilikwenda Kitete hospitali. Mguu walikuwa wameshaukata, isingewezekana vingine. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote ya kukiri na kuomba radhi. Miaka yote Kondo hakuwahi kuniita jina langu.

"Petro," akasema, "mimi nilikuuliza."

Nililia, na yeye akageukia ukutani.

Bwana Salum hakuwahi kujua. Oda ya malori nilipewa, na niseme lote, nilipokea na nikaifanya.

Walipomrudisha Kondo pwani kwa treni, nilikwenda stesheni. Nikajikaza, nikamwambia mtani, sasa jeneza lako nitapunguza mbao. Nilitaka anitukane. Nilitamani hata anipige na lile gongo lake.

Akanipa mkono, akasema, "Asante kwa kuja, ndugu. Mungu akubariki." Kwa adabu kabisa, kama unavyomjibu mtu usiyemjua.

Kijana wa mati, biashara yako ni nzuri. Hakikisha inalala na inashikwa chini, na umwambie mteja asiigeuze. Wengine wote, mtu akiacha kucheka akakuuliza kama ni kweli, mjibu hapohapo, hata kama tajiri anatoka mlangoni.

Nisemeni mnavyotaka, nitasoma. Na kama kuna Mzaramo humu, mtani, tafadhali usinionee huruma. Nitukane.