Malenge Niliyoyapiga Brashi

Kwa msimu mzima nilikuwa nikipiga majani ya malenge brashi. Najua inavyosikika. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilichukua ile brashi ninayotolea nyuzi kwenye suruali za wateja, nikasimama kando ya ua, nikapangusa jani moja baada ya jingine mpaka likarudia ukijani wake. Nilikuwa natoa unga. Unga huo, kwa akili yangu ya kidato cha nne, ulikuwa unapeperuka kutoka kwenye kisiagi cha jirani. Haukuwa unga, na haukutoka kwa jirani, lakini kufikia wakati nilipojua hivyo nilikuwa nimeshawaambia watu wengi sana.

Mimi ni fundi wa kushona, na ni mtu wa nyumbani. Cherehani yangu iko sebuleni, dirishani, na hapo ndipo ninaposhonea sare za shule. Mke wangu ni mwalimu, kwa hivyo anayetoka asubuhi na kurudi jioni na habari za dunia ni yeye. Mimi huenda mjini nyuzi zikiisha. Nikirudi mtaani kwetu Kapsoya nahisi kama nimetoka nchi ya nje, na hukaa chini kwanza nipumzike.

Jirani yangu ni mama aliyehamia hapa zamani kutoka upande wa magharibi. Kisiagi chake cha mahindi kiko ndani ya kibanda cha mabati, ng'ambo ya ua wetu, na ndicho kilichosomesha watoto wake wote. Hata mbegu za malenge alinipa yeye. Alinichungulia dirishani siku moja akasema, "Mzee, mwanaume wa kukaa nyumba hivi, si angalau upande mboga." Kwao majani ya malenge huitwa seveve na ni chakula cha heshima. Nikapanda. Yalitambaa uani yakajaa chini ya mti wa avokado, mahali ambapo jua hupita kwa mbali kama mtu mwenye deni. Nilijivuna. Nilihamisha kiti nikawa nashona huku nikiyatazama.

Halafu yakaanza kuwa meupe. Kwanza madoadoa, kama mtu amenyunyiza talka kwa vidole, kisha jani zima. Nami nikaanza kupiga chafya. Sizungumzii chafya ya kuombewa heri na kuendelea na kazi. Hizi zilikuja kwa mafungu, nikaacha kukanyaga cherehani nikashika meza. Macho yaliwasha, yakavimba, yakatoa machozi mpaka saa nne, saa tano, na usiku nikakohoa. Nilikuwa nashona mikunjo ya sketi huku nalia, na yeyote aliyepita akielekea kisiagini na debe lake la mahindi aliniona hapo dirishani, mwanaume mzima, leso mkononi.

Mke wangu alisema ni baridi ya Eldoret. Nikamwambia nimezaliwa kwa hii baridi. Akasema basi ni uzee, na kwa huo pia nimezaliwa.

Karibu na wakati huo mambo fulani yalianza kutokea ambayo sikuyaelewa. Wanawake wa kisiagini walianza kunisalimia kwa sauti ya chini. Mmoja aliniletea ndizi. Jumapili moja wazee wawili wa kanisa walitutembelea bila taarifa, wakanywa chai, wakaomba kwa muda mrefu kuhusu amani ndani ya nyumba, na wakati wa kuondoka mmoja wao alinishika bega akaniambia, "Vumilia tu, fundi. Mungu anaona." Mke wangu aliuliza walikuwa wanataka nini. Nilimwambia labda wanakusanya mchango na wameona aibu kutaja.

Kwa vile sikuwa na kazi nyingine ya kufikiria, nilipeleleza. Nikiwa sebuleni mchana, nafuu. Nikitoka asubuhi kupangusa majani, nakaribia kufa. Mchana kisiagi kinanguruma, asubuhi bado hakijawashwa. Mtu mwenye busara angeona hapo kuna kasoro. Mimi niliamua kwamba unga hukaa juu ya majani usiku kucha ukipata nguvu.

Nilienda uani nikamwita jirani.

"Mama, unga wako unaniua."

"Unga gani, Mzee?"

"Huu." Nikamwonyesha jani.

Aliliangalia, akaangalia mabati ya kibanda chake, akaangalia nguo zake zilizoanikwa karibu na mlango wa kisiagi, safi kabisa. "Unga wangu unaruka juu ya nguo zangu, unapita juu ya kuku wangu, unaenda kukaa kwa malenge yako peke yake?"

"Upepo," nikasema.

"Upepo unakujua kwa jina."

Tuliacha kusalimiana. Mke wangu, aliyechoka kusikia chafya na sasa amechoka kusikia habari za upepo, alinituma Kapseret kwa dada yangu nikapumzike. Kwa dada yangu kuna ng'ombe, kuna vumbi, kuna paka anayelala kwenye mto wa mgeni, lakini nilipona. Macho yalifunguka. Nililala bila kukohoa. Mtu mwingine angejiuliza ni nini kiko kwangu ambacho hakiko Kapseret, na angehesabu vitu zaidi ya kimoja. Mimi nilijibu kabla swali halijaisha. Nilirudi Kapsoya moja kwa moja mpaka kwa mwenye ploti, anayetupangisha sote wawili.

Mwenye ploti wetu ni mzee asiyependa kelele, na kisiagi ni kelele. Alikuwa anatafuta sababu ya heshima. Nilimwekea mezani kifua cha mpangaji. Akampa jirani ilani ya mdomo: kama mambo ya unga hayatatatuliwa kufikia mwisho wa mwezi, kisiagi kihame. Kuhamisha kisiagi si kama kuhamisha kiti. Kimefungwa kwenye zege, kina umeme wake mzito, na wateja ni wale wanaoweza kubeba debe kwa miguu. Kikitoka hapo, kinakufa. Jirani alikuja uani jioni hiyo. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Mzee, ni mimi kweli?" Nikapiga chafya, na ninaogopa alichukua hiyo kama jibu.

Wiki hiyo hiyo mota ya kisiagi ikaungua. Ikabebwa kwenda mjini kufungwa waya upya, na kibanda kikanyamaza. Kukawa kimya mpaka nikawa nasikia saa ya ukutani. Na malenge yangu, bila hata punje moja kusagwa, yakazidi kuwa meupe. Yalikuwa meupe kama mashati ya kidato cha kwanza siku ya kufungua shule.

Ungedhani hapo ningestuka. Nilishuku anasaga kwa siri. Nilisimama na sikio kwenye waya wa ua, nikisikiliza kisiagi kisicho na mota, kisha nikachukua brashi nikapangusa kwa hasira zaidi ya siku zote. Wingu jeupe liliinuka likanifunika uso. Kifua kikafunga. Hewa ilikuwa inaingia kwa mluzi na kutoka kwa mluzi, kama birika. Mke wangu, ambaye alikuwa bado hajaenda kazini, aliniweka kwenye boda akapanda nyuma yangu kunishikilia, na katikati ya hayo yote bado nilikuwa nimebeba jani moja, nimelifunga kwenye gazeti. Lilikuwa ushahidi.

Kliniki walinivutisha dawa kwanza mpaka mluzi ukanyamaza. Kisha daktari, mama wa makamo mwenye subira, akaanza maswali. Nafanya kazi gani? Naanza kuumwa saa ngapi? Kabla ya kuumwa nafanya nini? Nilimfungulia gazeti kwa ushindi. "Napangusa huu unga, daktari. Wa jirani."

Hakuligusa. Alilisogeza kwa kalamu chini ya taa na akanionyesha kwamba ule weupe ulikuwa na nyuzinyuzi, kama ukungu wa mkate. "Mzee, unga haumei. Hiki kitu kinamea."

"Kinamea?"

"Ni ukungu wa mimea. Wakulima huuita ubwiri. Unapenda majani yaliyobanana kwa kivuli. Weupe huu ni mbegu zake, na wewe unazirusha hewani kila asubuhi halafu unazivuta. Kuna watu wengi hazitawafanya kitu. Wewe mwili wako unaonekana kuzikataa."

"Unapangusa na nini?" daktari akaniuliza.

Mke wangu akajibu kwa niaba yangu. "Na brashi ya nguo."

Daktari aliandika kitu kwa muda mrefu kuliko maneno hayo yalivyohitaji. Baadaye alinieleza kwamba kwa macho tu hawezi kuapa. Kuna kipimo cha ngozi, wanakudunga vitone mkononi na kuangalia kipi kinavimba, na tutakifanya. Lakini kwanza nikae mbali na hayo majani kabisa, ninywe tembe zangu, nifue nguo nilizovaa uani, na ile brashi isiingie nyumbani. Kifua kikifunga tena nisingoje mpaka nibebwe tena, nirudi mara moja. Njiani kurudi mke wangu alipanda tena nyuma yangu. Nilihisi tu mgongo wangu ukitikisika, na haikuwa barabara. Alikuwa anacheka.

Kipimo kilipokuja, kitone cha ukungu kilivimba kikawa kama kuumwa na nyuki. Nilikitazama kikiwasha na sikuufikiria ubwiri hata kidogo. Nilifikiria mwisho wa mwezi.

Nilienda kwa mwenye ploti kumwambia nimekosea. Alisikiliza kama mtu anayenyang'anywa zawadi. "Fundi, sasa ukungu, juzi unga. Nitajuaje kesho hutasema ni moshi?" Alikuwa ameshazoea wazo la kimya. Akasema ilani inabaki mpaka athibitishe kwa macho yake.

Aliyepata njia ya kuthibitisha ni jirani mwenyewe, nilipomweleza uani aliyosema daktari. Mota ilikuwa imerudi. Aliuliza kama bado nameza tembe, nikamwambia kwa ajili ya kile kipimo niliambiwa niziache, na sijarudia kwa kuwa sijasogelea malenge na sijaumwa. Akaburuta kiti cha plastiki akakiweka ndani ya kisiagi, karibu kabisa na pale unga unapotokea. Akamwita mwenye ploti asimame mlangoni.

"Kaa hapo, Mzee. Kama ni unga wangu, piga chafya."

Nikakaa. Nilikuwa na ruhusa ya kutoka nikihisi chochote, mke wangu amesimama nje ameshika dawa ya kuvuta. Akamimina debe zima la mahindi, akawasha. Kibanda kikatetemeka. Unga ukapanda, ukatua kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye masikio. Wateja wakajipanga mlangoni kuona. Nilijaribu kutuliza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Debe likaisha. Akamimina la pili, na nafikiri hilo halikuwa la uthibitisho, lilikuwa la adhabu. Nilikaa hapo mweupe kuliko malenge yangu, pua kavu, macho makavu, nikipumua vizuri kuliko nilivyowahi kupumua sebuleni kwangu.

Jirani akazima mashine. "Umeona?" akamuuliza mwenye ploti. Yule mzee akajipangusa bega, akasema kisiagi kibaki, lakini kisifunguliwe kabla ya saa moja asubuhi. Akaenda zake. Wateja hawakuenda. Nililazimika kusimama mbele yao, unga ukinidondoka, nikaeleza yote: jani, brashi, daktari, dirisha. Nikasema nilimsingizia mama huyu na namwomba msamaha. Nilisema kwa sauti, kwa kuwa nilipomsema vibaya sikunong'ona.

Baada ya hapo palibaki malenge, na mimi ndiye mtu pekee kwenye ploti asiyeweza kuyang'oa. Jirani alivuka Jumamosi na ndoo ya maji. Mtu wa agroveti, duka la dawa za kilimo, alikuwa amemwambia alowanishe majani kwanza ili ule weupe usiruke, akate yaliyoharibika, asiyatupe kwenye mboji, na tukipanda tena tuyapande juani na kwa nafasi, mbali na avokado. Mimi niliamriwa nikae ndani, dirisha limefungwa, maski usoni. Brashi mke wangu alikuwa ameshaichoma, na sasa natoa nyuzi kwa utepe wa kunata, ambao hauna heshima yoyote mbele ya wateja.

Nilimtazama kupitia kioo akikata na kujaza gunia. Hakuacha hata jani moja jeupe. Alipomaliza alinawa mikono, akaja mpaka dirishani, nami nikafungua kidogo nikamshukuru. Nikamwambia tena kwamba nimeenda kwa kila mtu niliyemwambia maneno mabaya kuhusu yeye, mmoja mmoja, nikayarudisha, mpaka kwa wale wazee wa kanisa, ambao walionekana kushangaa sana.

Alijifuta mikono kwa leso yake, akatazama pembeni kidogo.

"Sasa Mzee, na mimi nikuambie. Hiyo miezi yote ulikuwa unalia hapo dirishani, mimi ndiye niliambia watu unateswa na bibi. Na mimi sizunguki kwa mtu kurudisha maneno, juu sina huo wakati."