Hisa za Mitambo na Hija ya Watu Wawili

Mwaka 2008 mimi na mke wangu tulikuwa na akiba ya kwenda hija, iliyotokana na cherehani yangu na vitumbua vyake pale Rosettenville, mtaa wa Johannesburg. Hatukutaka ikae benki ikazaa riba. Mkwe wetu, aliyefanya kazi kwenye ofisi ya hisa, akatushauri tununue hisa za makampuni ya Asia yanayounda mitambo ya kutengenezea chipu, vile vipande vya ndani ya simu. Nilimuuliza imamu. Akasema biashara ya mitambo ni halali. Nikatulia kabisa, kana kwamba kitu cha halali hakiwezi kuanguka.

Haikupita miezi mingi, uchumi wa Asia ukayumba. Viwanda vya chipu vikaacha kuagiza mitambo mipya. Mkwe akaja mbio.

"Eish, baba, tuuze leo. Kesho bei itakuwa chini zaidi."

"Tusubiri, mwanangu. Subira ni ibada."

"Soko halijui ibada, baba."

Mke wangu akacheka kutoka jikoni. "Mwache baba yako! Huo mtambo hajawahi hata kuuona, lakini kaupenda kuliko mimi."

Nilisubiri. Kila alfajiri nilimaliza uradi, kisha nikampigia mkwe kuuliza bei. Tulipouza, mwaka uliofuata, kilichobaki kilimtosha mtu mmoja.

Mtu huyo hakuweza kuwa mke wangu, maana kwetu mwanamke haendi hija bila mume au maharimu wake. Angeweza kuwa mimi.

"Nenda wewe, baba watoto," aliniambia huku akikunja mswala. "Utaniombea huko."

Nikatazama magoti yake, yaliyokuwa yameanza kuvimba, nikasema tungoje hadi fedha zitimie tena za wawili. Subira ileile, mara ya pili.

Hazikutimia. Zilizobaki ziliishia kwenye matibabu yake, naye tukamzika hapa Johannesburg. Baadaye mkwe aliniambia, bila kunitazama, kwamba zile hisa zimepanda, zimepita hata bei tuliyonunulia. Basi nilichelewa kuuza, na nilipouza nilikuwa nimewahi mno.

Nguo nyeupe niliyomshonea kwa safari ile ingali kabatini. Vifungo nilivifunga mwenyewe na hakuna aliyevifungua. Nikisimama mbele yake nasema alhamdulillahi, kama nilivyofundishwa tangu chuo cha Kurani. Neno linatoka. Moyo unabaki nyuma, na sijui tena niusubirie nini.