Hewa Ndani ya Mguu

Sifa ni zako, ee Mungu, uliyetuumba kwa nyama dhaifu na bado hukuchoka nasi. Mimi nimechoka, lakini nitasimulia.

Mke wangu alichomwa na kijiti mguuni akipalilia mpunga upande wa Kilangali. Kilikuwa kidonda cha kuosha na kusahau. Nyumbani kwetu Magomeni, Kilosa, tukamkanda kwa maji ya moto na chumvi, kama tunavyokanda kila uvimbe. Kesho yake mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, naye alilia kwa maumivu, yeye aliyejifungua wanetu wote bila kupiga kelele. Jirani akatupeleka kwa gari lake hospitali, Mikumi.

Daktari alikuwa binti wa rika la wajukuu zangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Akaugusa mguu, uso wake ukabadilika. "Msimkande tena." Akaagiza eksirei, kisha akanionyesha picha: mfupa mweupe na, ndani ya nyama, vitone vyeusi vimetawanyika.

"Hiyo ni hewa, babu. Wanaitoa wadudu wanaoozesha nyama. Lazima tupasue sasa hivi, tuondoe iliyokufa. Tukichelewa tutampoteza bibi."

Nikaomba twende kwanza Morogoro kwenye mashine kubwa ya picha, tuone vizuri zaidi.

"Hata picha hii ingekuwa safi, kwa mguu huu bado ningepasua. Safari hiyo itatumalizia muda."

Mke wangu, homa imempanda, akacheka kidogo pale kitandani. "Miaka yote unatusomea habari za Tomaso kanisani, leo wewe ndiye unataka kutia kidole? Niache nipasuliwe, mzee."

Nikatia sahihi. Kwenye benchi la nje sala zote nizijuazo zilinipotea, nilibaki na neno moja tu, "Bwana."

Walimpasua, na siku iliyofuata wakampasua tena. Mguu wamemwachia, ingawa umebonyea pale nyama ilipotolewa, na kupona ni polepole mno. Kila asubuhi namfunga kidonda kama muuguzi alivyonifundisha, mgongo ukiniuma.

"Taratibu," hunigombeza. "Hapo hupalilii."

Namshukuru Mungu kwa ugomvi huo.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie kuonwa mapema na macho yanayojua, na mtu wa kukufunga kidonda asiyekukimbia. Amina.