Siku Atakapoanza Kula

Katika familia ya mume wangu, mtoto anayezaliwa Johannesburg ni wa mama yake kwa muda wa kunyonya tu. Akianza kula, anapelekwa Lubumbashi kwa bibi yake, akakulie huko mpaka mambo yetu yakae sawa. Mambo hayajawahi kukaa sawa. Mtoto wangu wa kwanza aliondoka akiwa na miezi saba. Sasa ana miaka sita, anayemwita mama ni mama mkwe wangu, na mimi ananiita mama ya telefone. Kwa hiyo alipozaliwa binti yangu wa pili, wenzangu walipokuwa wakiniuliza kama ameanza kukaa au kuota jino, mimi nilikuwa naogopa uji.

Sisemi kwamba watu wale ni wabaya. Mume wangu analinda ghala usiku na kulala mchana. Mimi nasuka nywele katika saluni moja hapa Turffontein. Mwenye saluni alinikubalia kufanya kazi na mtoto mgongoni, ila alinionya mapema: siku atakapoanza kutambaa, hataki kumwona chini kati ya pasi za moto na dawa za nywele. Tulikwenda kuangalia kreshi ya mtaani, wanapolelewa watoto mchana. Tulikuta watoto wamepangwa mbele ya televisheni, wamenyamaza kuliko mtoto anavyopaswa kunyamaza, nikageuka kabla mwenyeji hajamaliza kutukaribisha. Hoja za kumpeleka kwa bibi zilikuwa na mashiko, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningepata mtu wa kugombana naye, angalau ningepumua.

Aliyeniokoa kwa muda ni nesi wa kliniki, mama mkali mwenye miwani aliyezungumza Kizulu na Kiingereza kwa pumzi moja. Alituambia kina mama wote tuliokaa benchini kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, hata maji asipewe. Nilimwomba arudie. Mume wangu alikuwa amenisindikiza, na nilitaka asikie kwa masikio yake. Sijawahi kumpenda mfanyakazi wa serikali kama nilivyompenda yule mama siku ile.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, huja Johannesburg kununua nguo Fordsburg na kuzipeleka Lubumbashi kwa basi. Alifikia kwetu binti yangu akiwa na miezi minne. Alimpakata, akamnyanyuanyanyua kama mtu anayenunua kuku, akasema amekonda.

"Huyu mutoto iko na njala, mama. Mupe buyi."

Buyi ndio uji kwao. Nilimwambia nesi amesema miezi sita.

"Nesi njo alizala huyu mutoto? Shiye bote tulikula buyi na miezi tatu. Nani alikufa?"

Kesho yake asubuhi, nikiwa naoga, alichovya kidole kwenye uji wake mwenyewe akamtia mtoto mdomoni. Nilitoka bafuni nikamkuta anajaribu tena na tena, na kila mara ule ulimi mdogo unausukuma uji nje mpaka kidevuni. Nilipaswa kukasirika. Badala yake nilifurahi hadi nikaona aibu, nikachukua kitambaa nikamfuta mwanangu taratibu, bila haraka yoyote. Mtoto alikuwa hali bado, kwa hiyo wifi alipanda basi na nguo zake peke yake, akasema atarudi baada ya miezi miwili.

Halafu binti yangu mwenyewe akanigeuka. Alipokaribia miezi sita alianza kutazama watu wakila. Hakutazama sahani, alitazama midomo: wako ukifunguka, na wake unafunguka. Ukitafuna, naye anatafuna hewa. Nikaanza kula nimempa mgongo. Saluni nilikula koridoni, nimesimama karibu na ndoo za maji, huku mwenzangu amemshika upande wa pili wa mlango. Nyumbani nilingoja alale. Mume wangu aliyaona hayo yote.

Mtoto alipotimiza miezi sita tulirudi kliniki, mimi naye. Nesi alimweka kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena.

"Hajaongezeka tangu mara ya mwisho," alisema. "Maziwa yako ni mazuri, mama, ila hayamtoshi tena. Mwanzishe chakula. Uji, boga, yai, vyote viwe laini."

Nilimuuliza kama naweza kungoja kidogo.

Aliniangalia juu ya miwani. "Unangoja nini?"

Nilisema sina ninachongoja, nikamvalisha mtoto nikatoka.

Lakini nilikuwa nacho. Wifi alikuwa anakuja baada ya wiki mbili, na akikuta mtoto bado hali, angerudi mikono mitupu. Wiki mbili ni nini? Niliwaza hivyo njia nzima. Kwenye taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, binti yangu aliunyakua mfuko wa mkate niliokuwa nimeushika, akaanza kuitafuna plastiki kwa fizi, kwa bidii, mate yakimtiririka mpaka kifuani. Nikalia pale pale, watu wakinipita. Nilikuwa namshindisha mwanangu na njaa ili nisimkose.

Nilinunua boga dogo, lile lenye shingo ambalo wenyeji hulipika Jumapili. Kesho yake nililichemsha kwenye jiko la umeme la saluni, nikaliponda kwa uma. Nilikuwa nimeamua atakula, na nilikuwa nimeamua nyumbani hakuna atakayejua. Safari hii ulimi haukusukuma kitu. Alimeza, akanitazama, kisha akanishika mkono kwa vidole vyake vyote akauvuta mdomoni pamoja na kijiko. Mwenzangu alipiga makofi. Nilimlisha mpaka bakuli likaisha, nikamfuta mdomo na masikio, nikaosha kijiko nikakificha kwenye droo ya vitana. Jioni mume wangu aliponiuliza, nilisema bado anakataa.

Nepi ndiyo iliyonifichua. Jumamosi moja saluni ilijaa, nikamwacha mtoto na baba yake. Niliporudi nilimkuta ameketi kitandani, mtoto miguuni pake anacheza na funguo, na nepi imefunguliwa juu ya gazeti. Ilikuwa na rangi ya boga kabisa.

"Anakula," alisema.

"Sitaki aende."

"Na miye ninataka?" Aliikunja nepi polepole, akaifunga kwa gundi yake. "Lakini atakaa wapi wakati unasuka? Niambie. Ile utasema, njo nitafanya."

Hakuwa ananikejeli. Alikaa akingoja kweli, macho yamemtoka kama mtu aliyekosa usingizi, na mimi nikatafuta. Nilifikiria saluni, nikafikiria kreshi, nikafikiria kuacha kazi, na kila nilipofika nilikuta mlango umefungwa. Wiki ile ile mtoto alikuwa ameanza kujivuta kwa tumbo. Mwishowe mume wangu alisimama akavaa sare yake ya kazi, akampigia dada yake simu akiwa ngazini ili nisisikie.

Wifi alikuja akanunua nguo zake. Nilimfundisha namna ya kuponda boga, nikamwambia asitie chumvi, nikamwambia kijiko kisijae. Alinisikiliza kwa heshima, ingawa amelea wanne.

Walipofika Lubumbashi alinitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nikaomba radhi, nikatoka nje kuusikiliza. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli nyuma ya sauti yake.

"Mama, tulifika muzuri. Mutoto anakula sana, buyi anamaliza yote. Usiogope. Hata hakulilii."

Nilimjibu asante, nikarudi ndani kumalizia kichwa.