Mkono wa Mpiga Picha za Kaa

Dalmas Wasike alizaliwa katika nyumba za reli, Nakuru, ambako baba yake alikuwa mtia makaa kwenye garimoshi. Kamera alijifunza akifagia studio ya Mhindi mmoja mjini. Siku za kazi aliwapiga watu picha za kipande, kile kitambulisho cha serikali ya mkoloni, na kila mtu alitoka na sura yake kamili. Hayo sikuyapinga. Lakini kila Jumapili alikwenda Naivasha, akavuka ziwa hadi kisiwani kuwapiga picha kaa.

Ndiye aliyetaka kumwoa binti yangu Nekoye. Wazee wa Dalmas walikuwa wanangoja jibu, na Baba Nekoye akaniambia, "Wewe ndiwe mwenye macho. Kamwangalie. Ukikataa, nami nimekataa."

Basi Jumapili moja ya mwaka 1957 nikapanda mtumbwi pamoja na Dalmas na Nekoye, nikiwaogopa viboko, na kumwogopa Dalmas zaidi.

Ufuo wa kisiwa ulinuka matope na samaki waliooza. Dalmas alikunja suruali akaingia majini, akatoka ruba wamemng'ang'ania miguuni. Akawabandua kwa ukucha. Mmoja akamweka juu ya jani na kumpiga picha, damu ya Dalmas mwenyewe ikimvuja yule ruba mdomoni. Nikageuza uso.

Kisha akainua jiwe, akashika kaa.

"Akikauka hang'ai," akasema. Akamtemea mate mgongoni, akamsugua kwa kidole gumba, akamtemea tena, ndipo akampiga picha. Kidole kilekile akajifutia midomo.

"Ziwa zima hili, Dalmas, maji hayakutoshi?"

"Maji hukauka upesi, mama. Mate hukaa."

Nekoye akacheka. "Bado hujamwona akiwabusu!"

"Nyamaza! Kinywa hicho ndicho kitakachokula kwenye sahani zako."

Dalmas akampindua kaa mwingine, jike. Chini ya tumbo lake vilijaa vitoto, vikitambaa kimoja juu ya kingine kama funza kwenye kidonda.

"Tazama anavyowabeba, mama."

Nilitazama, nikatapika chai yote ya asubuhi kwenye mafunjo. Dalmas hakucheka. Alimrudisha kaa chini ya jiwe lake lilelile, akalilaza polepole, ndipo akaniletea maji. Hilo nililiona pia. Lakini chupa ilikuwa na utelezi wa vidole vyake, nikakataa kunywa.

Wakati wa kurudi, mtumbwi uliyumba nikiwa nimeinua mguu mmoja, wa pili umezama topeni. Dalmas akaninyooshea mkono. Ulinuka uvundo, na ute wa kaa ulikuwa umeganda kwenye kucha.

"Nishike, mama, utaanguka!"

"Ondoa mkono huo!" nikapiga kelele. Nikatafuta sababu isiyo matusi, na iliyonijia ni ile niliyofundishwa kwetu Kimilili tangu utoto: "Hujui mama mkwe hashikwi mkono?"

Dalmas akaurudisha mkono mara moja, akainamisha macho kama ipasavyo. Nekoye akapiga kigelegele hata ndege wakaruka.

"Amesema! Amejiita mama mkwe! Mama amekubali!"

Nikataka kuyarudisha maneno yangu, lakini mguu uliteleza, nikakaa topeni mpaka kiunoni. Dalmas hakuthubutu kuninyooshea mkono tena. Alisimama kando amenipa mgongo, akisema, "Nekoye, mwinue mama mkwe wangu."

Wazee wake walipokuja tuliwachinjia kuku. Mpaka leo mkwe wangu huyo hajanishika mkono, nami naishukuru sana mila yetu.